Injinia wa Tangi la Mama Brightness

Sosthenes aliliona tangi kabla hajamwona mwenye tangi, na hilo peke yake linatosha kueleza alikuwa mtu wa namna gani.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, mwezi wa saba, baridi imeishika Babati hadi watu wanaongea mikono ikiwa kwapani. Sosthenes alikuwa ameegemea kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi, na hakuwa na nia ya kununua hata msumari. Kuegemea kaunta za watu ndiyo ilikuwa ofisi yake. Anayeingia duka la vifaa ana kitu kimeharibika. Aliyeharibikiwa anamhitaji mtaalamu. Na mtaalamu, kwa bahati nzuri, yupo hapo hapo ameegemea. Wiki iliyotangulia alikuwa mtaalamu wa umeme wa jua. Mwezi uliotangulia alikuwa mpima ardhi, na kuna familia mbili kule Maisaka ambazo hadi leo hazijui shamba la nani linaishia wapi. Vyeti vyake vyote vilikuwa reflekta ya kijani na kofia ngumu nyeupe. Ukivaa hivyo viwili Babati, unaweza hata kusimamisha ujenzi wa benki.

Akaingia mama mmoja wa makamo, kitenge kimefungwa vizuri, akamwonyesha muuza duka picha kwenye simu.

"Natafuta mpira wa mfuniko wa hili tangi. Wa duara, upana wake kama sinia."

Muuza duka aliitazama picha kama aliyeonyeshwa mgongo wa mwezi. Sosthenes naye akachungulia, na moyo wake ukapiga hodi mara mbili. Tangi la chuma kisichoshika kutu, linang'aa kama kikombe cha altareni, juu pana, chini limechongoka kama pia ya kuchezea, limesimama kwa miguu mitatu. Kitu cha namna hiyo wenye maziwa na wenye juisi wangekigombania kwa ngumi.

"Mama, shikamoo," akasema kwa sauti ya daktari. "Hilo tangi linaumwa."

"Marahaba. Umejuaje?"

"Rangi."

Yule mama akaitazama picha, akamtazama yeye.

"Injinia Sosthenes," akajitambulisha. "Idara ya Matangi."

"Ya wapi?"

"Ya kanda."

"Kanda ipi?"

"Mama yangu, mgonjwa yuko mahututi, wewe unauliza kanda?"

Hivyo ndivyo alivyomfahamu Marietha, ambaye watu humwita Mama Brightness kwa jina la binti yake. Wakiwa njiani kuelekea Bagara Marietha akamsimulia yote. Miaka tisa alikuwa mpishi kwenye hoteli moja ya watalii, na mwenye hoteli, mzungu, alikuwa akijipikia bia yake mwenyewe. Hoteli ilipofungwa alimwachia Marietha tangi, magunia ya kimea cha shayiri, hopsi za kutia uchungu, pakiti za hamira na daftari la maelekezo la kurasa nne, ya nne ikiwa imechanika. Akiba yake yote ilikuwa imeishia kwenye vibali na chumba cha kuanzia biashara. Jumapili alikuwa amepika bia yake ya kwanza, akaimimina tangini, akatia hamira. Tangu hapo, kimya. Kile kichupa cha hewa juu ya mfuniko, ambacho daftari lilisema kitatoa mapovu, hakikutoa hata moja.

"Na hii ikiharibika, Injinia, sina kimea cha kurudia mara tatu. Narudi kukaanga vitumbua."

"Usiseme maneno mabaya mbele ya tangi," Sosthenes akamwonya.

Marietha alikuwa amepanga vyumba viwili uani kwa Mzee Alois, katekista na mwalimu wa kwaya. Tangi lilikuwa stoo. Sosthenes alilizunguka mara tatu. Akaligonga kwa kidole. Akaweka sikio, akafumba macho.

"Pumu," akatangaza.

"Pumu?"

"Linavuta, halitoi. Choo kiko wapi?"

Kwa haki lazima isemwe kwamba bando la simu ya Sosthenes lilikuwa halijawahi kutumika kwa jambo la halali, na siku hiyo, ndani ya choo cha Mzee Alois, lilitumika. Akapata video ya mzungu mwenye ndevu na kitambi anayeeleza shida za matangi ya pia kwa watu wanaojifunza kupika bia. Kiingereza cha Sosthenes kilikomea kidato cha tatu, ila ndevu zile zilikuwa zinaonyesha kwa kidole, na kidole hakina lugha. Kichupa kisipotoa mapovu, alisema yule mtu, usikimbilie kuamini hamira imekufa. Huenda hewa inatorokea pengine, hasa kwenye mpira wa mfuniko. Paka povu la sabuni uone. Na kama kuna baridi, lipe joto.

Akatoka chooni akiwa mtu mwingine.

"Mama, maji ya sabuni! Na blanketi!"

Akapaka povu pembeni mwa mfuniko, kama fundi wa baiskeli anayetafuta pancha. Upande wa kushoto, vup, vup, mapovu madogo yakaanza kuinuka. Akafungua mfuniko. Mpira ulikuwa umejikunja kama kola ya mtoto aliyechelewa shule. Haukuwa umeharibika, uliwekwa vibaya tu. Akauchemsha, akanawa mikono hadi viwiko, akaurudisha, akakaza mfuniko, akalivika tangi blanketi. Wakakaa kwenye vigoda, wakasubiri. Saa moja ikapita. Chai ikanywewa. Saa ya pili ikaanza.

Blup.

"Umesikia?" Marietha akanong'ona.

Blup. Blup-blup.

Marietha aliruka juu na kigelegele kilichomtoa jogoo wa jirani bandani. Sosthenes naye akaruka, akalikumbatia tangi, akalibusu, na hapo hapo angepaswa kujishtukia, maana mwizi anayebusu anachotaka kuiba ameshaanza kuchanganya mambo.

Mpango wake ulikuwa rahisi: kulipatia tangi rufaa. Angesema halitibiki hapa, lazima lipelekwe Arusha, na huko njiani tangi na injinia wangepotea pamoja. Akakohoa.

"Sasa, Mama Brightness, hatua inayofuata ni kulipeleka Arusha kwa vipimo."

"Vipimo vya nini? Si limepona?"

Katika miaka yake yote ya utaalamu Sosthenes hakuwa amewahi kuponya chochote, kwa hiyo hakuwa amejiandaa.

Ikabidi awe anarudi kila siku kutafuta ugonjwa mpya. Siku ya Alhamisi ulipatikana, tena mkubwa. Kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi uani, wimbo wa sauti nne, na walipofika kwenye ubeti wa pili ikapita harufu ya yai viza. Sauti ya kwanza wakawatazama sauti ya tatu. Sauti ya tatu wakawatazama besi. Besi wakamtazama mpiga kinanda, naye kwa kukosa wa kumtazama akatazama mbinguni. Wimbo ukafa. Mzee Alois, aliyewashuku besi kwa miaka mingi, akaanza kuwahubiria juu ya maharage, hadi mama mmoja alipoinusa harufu na kuifuata hadi mlango wa stoo.

"Shikamoo Mzee," Sosthenes akamkimbilia. "Ni hamira inapumua tu. Siku chache itaisha." Na kwa mshangao wake mwenyewe, hilo lilikuwa kweli. Alikuwa amelitazama kwenye video usiku uliopita, mara mbili.

"Marahaba," Mzee Alois akajibu kwa huzuni. "Kijana, bia nimeivumilia. Hata harusini Kana divai ilikuwepo. Lakini besi wangu wametuhumiwa bure mbele ya akina mama. Jumapili ya wiki ijayo isilikute hilo dude hapa kwangu."

Marietha alikaa kwenye kigoda, mikono mashavuni. "Nitalihamishaje, Injinia? Limejaa. Wabebaji wenye gari wananitajia bei za kuhamisha nyumba nzima. Na mfukoni nimebaki na hewa."

Sosthenes alimhurumia kwa muda wa kufunga kamba moja ya kiatu. Kamba ya pili aliifunga akiwaza gari.

Jumanne iliyofuata koki ya chini ilikataa kufunguka. Ile ncha ya pia hukusanya machicha ya hamira, na yalikuwa yameziba. Mwenye ndevu alisema: gonga kidogo pembeni, fungua polepole. Sosthenes aligonga kwa mwiko, hakuna. Akagonga tena, hakuna. Akachutama, akaweka jicho karibu na koki, akaifungua yote kwa mara moja.

Machicha yalitoka kwa mlio wa chafya ya ng'ombe, yakampiga kifuani, yakaingia ndani ya suruali, yakatokea kwenye soksi.

"Polepole, Injinia!" Marietha alicheka hadi akashika ukuta. "Hata mimi daftari limeniambia polepole!"

Alipomaliza kucheka, akijifuta machozi kwa kitenge, akasema neno moja kama aliyeropoka. "Afadhali mimi sikulitoa kwa yule Anselm wa Bonga. Anataka tangi hili kama mgonjwa wa malaria anavyotaka maji. Lakini siuzi, ng'o. Namba yake nimeibandika pale ukutani ili nikumbuke kutopokea simu yake."

Sosthenes akaitazama ile karatasi. Ikaingia kichwani kama wimbo.

Dakika kumi baadaye alikuwa nyuma ya choo, simu sikioni.

"Kaka Anselm? Naitwa Injinia. Tangi unalolitaka limeingia sokoni."

"Lile la pia?" Sauti ya upande wa pili ilitetemeka kwa tamaa. "Nitakupa chochote! Lakini sharti moja. Lije na mali yake ndani, nione linafanya kazi. Likija tupu, silitaki."

"Likiwa limejaa? Ni zito, kaka."

"Na lisilazwe. Na lisitikiswe. Na Jumamosi, mchana."

Sosthenes alikubali yote. Alikuwa tayari anajiona yuko Arusha, amekaa kwenye hoteli ya kuoga maji moto, anaagiza kuku.

Jumamosi asubuhi mambo yalinyooka hadi yakatisha. Marietha akatoka amevaa gauni la sherehe. "Naenda Dareda kwenye sendofu ya mtoto wa dada, nitarudi jioni. Ufunguo wa stoo huu hapa. Utanilindia tangi, Injinia?"

"Kama mboni ya jicho langu," akasema Injinia.

Dereva wa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, alitaka malipo kabla ya kuwasha gari, naye Sosthenes alikuwa na ulimi tu. Wakasumbuana, mwisho dereva akakubali kuchukua sabufa ya Sosthenes, ile spika kubwa yenye taa zinazocheza, iliyokuwa fahari ya chumba chake. Sosthenes aliitoa kama mtu anayeng'olewa jino. Akajifariji kwamba kesho atanunua tatu.

Tatizo ni wabebaji. Alikuwa na dereva mmoja na mgongo mmoja, na tangi lilikuwa na uzito wa fahali. Alikuwa bado anajikuna kichwa pale stoo, kivuli kikajaa mlangoni. Mzee Alois. Nyuma yake, kwaya nzima iliyokuja mazoezini.

Kwa kweli Sosthenes aliishiwa uongo, jambo ambalo halikuwa limewahi kumtokea tangu kipaimara.

"Linaondoka?" Mzee akauliza.

"Li... linaondoka, Mzee."

"Mungu ni mwema! Besi! Vueni makoti!"

Besi waliingia stoo kwa ari ya watu wanaokwenda kusafisha jina lao. Watatu wakashika miguu, watatu wakashika mabega ya tangi, sauti ya tatu wakashika blanketi, na akina mama wa sauti ya kwanza, bila kuombwa, wakaanzisha wimbo wa shukrani. Hivyo tangi likaibwa kutoka Bagara saa nne asubuhi, mbele za watu, kwa nyimbo na vigelegele, na katekista akikinyunyizia kirikuu maji ya baraka kwa safari njema. Sosthenes alijikuta anaitikia kiitikio.

Barabara ya Dodoma ni nzuri, ila kirikuu kilikuwa na springi za mbao, au ndivyo kilivyoruka. Sosthenes alikaa nyuma amelikumbatia tangi kwa mikono na miguu. Kabla hawajafika mbali kile kichupa cha hewa kikaanza kupiga mluzi. Halafu kikarusha maji. Halafu kikarushwa chenyewe, kikapita juu ya kichwa cha mwendesha bodaboda, na povu jeupe likapanda kutoka mfunikoni kama mtu aliyefungua shampeni ya harusi ya rais.

"Punguza mwendo!" akapiga kelele. "Bia inatoka!"

Dereva, aliyekuwa na sabufa kwenye kiti cha mbele inaimba kwa nguvu zote, hakusikia neno.

Hapa mwizi wa kawaida angefungua koki, akamwaga bia, akabaki na chuma. Chuma ndicho kinachouzwa. Sosthenes hata hakulifikiria hilo. Alikuwa ameisikiliza bia hii ikipumua siku kumi na mbili. Akavua kofia ngumu, akaigeuza iwe bakuli ya kukingia povu, mkono mwingine ukiishikilia valvu ndogo ya juu, akiifungua kidogo, anaifunga, anafungua, polepole, kama ndevu zilivyoelekeza. Presha ikashuka. Povu likatulia. Wakaingia Bonga mwizi akiwa mweupe kuanzia nywele hadi mkanda, ananuka kama ukumbi wa sherehe, na nyuma yao bajaji mbili na mbwa watatu waliokuwa wakiifuata harufu.

Anselm alikuwa getini, mtu mrefu mwenye tabasamu pana. Alikuwa na vijana wa nguvu tayari. Ndani kulikuwa na chumba kipya, sakafu ya saruji laini, mfereji wa maji machafu, na pale katikati zimechorwa alama tatu za chaki. Tangi lilipotua, miguu yake mitatu iliketi juu ya alama hizo sawasawa, bila kuzidi unywele.

"Umebahatisha vipimo," Sosthenes akasema.

"Ndiyo," Anselm akajibu. "Hebu tazama kama limekaa wima, Injinia. Na hicho kichupa utaweka kingine? Na koki?"

Sosthenes akapima, akaweka kichupa kipya, akatoa machicha kwenye koki polepole bila kupoteza suruali, akafuta tangi hadi likang'aa. Ilichukua saa nzima. Vijana wa Anselm nao walikuwa wakikaza bolti, mguu kwa mguu, hadi ndani ya saruji.

"Sasa, kaka," Sosthenes akajisugua viganja. "Changu."

"Mwenye kiwanda ndiye anayelipa. Huyo anaingia."

Akageuka. Mlangoni alikuwa amesimama Marietha na gauni lake la sherehe, mikononi kreti ya glasi mpya.

"Injinia! Mmefika salama? Kaka, umempa hata maji ya kunawa?"

"Kaka?" Sosthenes akasema.

"Wa tumbo moja," Anselm akasema kwa upole.

Sosthenes akaanza kuzihesabu upya wiki mbili za maisha yake kwa vidole.

"Tangu pale dukani?" akauliza.

"Pale dukani nilitaka mpira tu. Ila sura yako niliijua. Mwaka juzi ulimuuzia Brightness wangu chupa ya dawa ya kufaulu mtihani wa kidato cha pili. Karatasi ya hesabu aliifanyia chooni." Marietha akaweka kreti chini. "Sasa ulipoweka sikio kwenye tangi ukasema lina pumu, nilitaka kuchukua ufagio. Halafu ukaliponya kweli. Nikasema, huyu tumwache kidogo. Mzee Alois aliponifukuza, na mimi sina nauli ya kuhamisha hata kuku, nikawaza: kuna mtu mmoja tu Babati nzima atakayelibeba tangi hili hadi Bonga bila kuniomba hata senti, na atalitunza njiani kama yai. Ni yule anayetaka kuliiba."

"Mama Brightness, sabufa yangu..."

"Nimeisikia ikipita. Inapiga vizuri."

Anselm alikuwa anacheka amegeukia ukutani kwa adabu. Sosthenes alitazama mlango, akatazama bolti, akatazama reflekta yake inayodondosha povu. Kisha kitu kikampanda kutoka tumboni, akafikiri ni kilio, kumbe kicheko. Alicheka hadi akakaa sakafuni. Alikuwa amewahi kuwatapeli watu wa kila aina, ila hakuwahi kuona kazi safi namna ile, na fundi hutambua kazi ya fundi.

Marietha akafungua koki ya pembeni, akajaza glasi tatu. Bia ilikuwa changa bado, haina mapovu ya kutosha, ila rangi yake ilikuwa kama asali ya Mbulu. Wakanywa.

"Uchungu umepungua kidogo," Sosthenes akasema, akiizungusha ulimini. "Awamu ya pili uongeze hopsi dakika za mwisho za kuchemsha, zisipotee harufu."

Marietha akanywa tena, taratibu. Akamtazama kaka yake. "Mshenzi huyu anasema kweli."

"Kwa mara ya kwanza," Anselm akasema.

"Nahitaji mtu wa kuosha tangi na kulilinda," Marietha akasema. "Mshahara mdogo, bia glasi moja jioni, na ukigusa bolti hata moja, namwita Mzee Alois na besi wake. Jumatatu saa moja asubuhi."

Sosthenes akamwambia kwamba mtu wa hadhi yake hawezi kuosha tangi, kwamba ana mwaliko Arusha, kwamba kuna mradi mkubwa wa serikali unamsubiri asaini. Akasema hayo yote akiwa amesimama kwa heshima, akamalizia glasi, akatembea kwa miguu kurudi mjini huku soksi zikilia kwa povu.

Jumatatu saa moja kasoro robo alikuwa getini. Alijiambia amekuja kuchunguza mazingira tu.

Wiki tatu baadaye, bia ya kwanza ikiwa imeshaisha kwenye harusi mbili za Bonga, ya pili imehamishiwa kwenye mapipa, mnunuzi mmoja kutoka mjini alisimamisha gari lake nje ya kiwanda, akaingia na mkoba kwapani. Chumba kilikuwa kitupu. Kulikuwa na tangi tu, mfuniko wazi, na miguu ya mtu mmoja inaning'inia nje, yeye mwenyewe amezama hadi kiunoni na brashi mkononi anasugua ile ncha ya chini.

"Hodi! Namtafuta mkurugenzi!"

Brashi ikasimama. Kutoka ndani ya tangi ikatoka sauti nzito, yenye mwangwi, ya mtu mwenye madaraka makubwa.

"Mkurugenzi yuko kikaoni. Eleza shida yako, mimi ni makamu wake."